Babu yangu, meza ya samli na almasi moja ya Golbanti

Wakuu, salamu kwenu. Wenye umri shikamooni, waliobaki mambo vipi, na ninyi mnaosoma haya kazini huku bosi ametoka, hongereni kwa ujasiri.

Juzi kwenye uzi fulani wa madini niliandika sentensi moja tu, kwamba babu yangu aliwahi kufanya kazi ya almasi. Ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka wakanishukia. Mmoja akasema Mkenya na almasi wapi na wapi, baki na chai yako. Mwingine akauliza kama babu alikuwa akichimba almasi ndani ya Mto Tana huku amepanda mamba.

Nikasema hayo nayaacha. Nimekaa siku tatu nikagundua sijayaacha.

Basi huu hapa uzi wenyewe. Ni mrefu. Asiyetaka kusoma arudi kwenye siasa.

Nianze na ukweli wake. Nitakayoyasimulia sikuyaona kwa macho. Yalitokea miaka ya hamsini, kabla sijazaliwa. Nimeyapata kwa nyanya yangu, ambaye siku hiyo alikuwa hatua moja kutoka kwenye meza, ameshika kata ya maji mkononi, na ambaye maisha yake yote hakuwahi kunidanganya isipokuwa kuhusu umri wake.

Jinsi alivyonisimulia nako kuna aibu yangu, na lazima nianze na hiyo.

Mimi ni mwandishi wa makala. Nina digrii mbili, na hakuna hata moja iliyonifundisha kurekebisha bomba la jikoni. Miaka kama kumi na tano iliyopita niliandika makala kuhusu babu, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Nilimweka ndani ya shimo refu lenye giza, sururu mkononi, taa kwenye paji la uso, jasho linamtiririka. Mwishoni akainua jiwe likang'aa. Nilipoisoma tena machozi yalinitoka. Ndivyo tulivyo sisi waandishi, tunajililia wenyewe.

Nikaibeba makala hadi nyumbani. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka nyanya kwenye kliniki ya macho, foleni ndefu, tumekaa kwenye benchi. Nikamsomea yote kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, nami nikadhani nimemgusa.

Akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikamwambia ni babu.

"Babu yako hakushika sururu hata siku moja. Babu yako alikuwa mpaka grisi, kazi yake kupaka."

Benchi zima likacheka. Nesi naye, aliyekuwa akipita na faili, akasimama ili acheke vizuri.

Na kwa kuwa foleni haikuwa ikisogea, nyanya akanisimulia yaliyokuwa. Nami nawapa ninyi.

Babu aliitwa Buya. Mpokomo wa karibu na Golbanti, kando ya Mto Tana, alisoma madarasa machache kwenye shule ya misheni, akaoa, na muda si mrefu akaenda Mombasa kutafuta kazi ya bandari. Huko akasikia kwamba Tanganyika kuna mgodi unaoajiri watu wanaojua kusoma namba. Akapanda treni hadi Kisumu, meli ya ziwani hadi Mwanza, treni tena hadi Shinyanga. Alikaa huko miaka saba.

Sasa hapa naomba wataalamu mnivumilie, kwa sababu hili ndilo nililokuwa nimelikosea kwenye makala, na nadhani wengi tunalikosea.

Almasi haing'olewi ardhini kama muhogo. Inazaliwa chini mno, kwenye joto na mgandamizo ambao akili haiufikii, halafu inapandishwa na volkano za zamani kupitia bomba la mwamba unaoitwa kimbalaiti. Shinyanga wana bomba kama hilo, na mdomo wake umelainishwa na mvua za miaka isiyohesabika. Afrika Kusini na Botswana wanayo pia, wameyafuata chini mpaka mashimo yamekuwa mabonde. Kwingine, kama Sierra Leone, mito ilishayala mabomba hayo kitambo na kuyasomba mawe yake, kwa hiyo watu wanayasaka kwenye kokoto za mto kwa chekeche. Namibia wanayatafuta mpaka kwenye mchanga wa bahari.

Kule alikokuwa babu, mashine ndizo zilizochota. Udongo ulipondwa, ukamwagiwa maji, ukazungushwa kwenye sinia kubwa za chuma. Chepesi kikaenda na maji, kizito kikazama. Na almasi haizami peke yake. Inazama pamoja na vijiwe vyekundu vya ganeti na vingine vyeusi vizito kama risasi. Babu aliviita watumishi. Alisema almasi haijawahi kusafiri bila watumishi wake, na ukiona watumishi hawapo, mfalme hajapita hapo.

Lakini bado una rundo la mawe mazito, na almasi ni chache mno ndani yake. Utazitoaje?

Hapo ndipo grisi inapoingia.

Almasi haishiki maji. Unailowesha, maji yanateleza yanaondoka. Ila mafuta inayapenda. Mawe mengine karibu yote ni kinyume chake, yakilowa yanavaa maji kama shati. Kwa hiyo unapaka grisi kwenye meza iliyoinama, unapitisha mawe na maji juu yake. Yaliyovaa maji yanateleza hadi chini. Almasi inanasa.

Kazi ya babu ilikuwa kuipaka grisi hiyo asubuhi, ikiwa na unene unaotakiwa, na kuikwangua baadaye kwa kisu kipana. Grisi iliyokwanguliwa inachemshwa, mafuta yanatoka, almasi zinabaki chini ya sufuria. Mwanamume ametoka Tana hadi Shinyanga kwenda kufanya kazi ya jikoni. Nyanya alilisema hilo kwa raha sana.

Kitu cha mwisho kuhusu mgodi, na msikisahau, kwa sababu uzi wote umekaa juu yake.

Kila walipotoka kwenye chumba cha meza walipekuliwa. Nywele, mdomo, kucha, mikunjo ya nguo. Upekuzi ulianza na mikono. Unasimama mbele ya askari, unainua viganja viwili, unatanua vidole, unavigeuza, unavigeuza tena. Ukienda kula, mikono. Ukienda haja, mikono. Miaka saba.

Aliporudi nyumbani alikuja na baiskeli, blanketi mbili, na hiyo mikono.

Alikuwa hawezi kuondoka mahali bila kuionyesha. Akimaliza kula, anasimama, viganja juu, anavigeuza, ndipo anaondoka. Akitoka kwa jirani, vilevile. Kanisani sahani ya sadaka ikishampita, viganja juu, na mchungaji anatazama. Mwenyewe hakuwa akijua. Kijiji kikampa jina, Bwana Mikono, na watoto wakawa wanamwiga njiani.

Nyanya hakucheka.

"Niliichukia ile mikono kuliko nzige," aliniambia. "Mtu anakula wali niliolima mwenyewe, nikautwanga mwenyewe, nikaupika mwenyewe. Halafu anasimama ananionyesha kwamba hajaniibia kijiko."

Mwaka mmoja hivi baada ya babu kurudi, akaja mzungu mtafuta madini na hema lake. Jina lake nyanya hakulijua. Wao walimwita Bwana Chupa, kwa sababu alitembea na chupa ya kioo yenye mawe yanayopitisha mwanga, aliyoifungia ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo aliuvaa shingoni.

Alichimba mashimo kadhaa ukingoni mwa mto. Halafu akatangaza kwamba kuna almasi.

Alichotaka ni ule ukanda wa ukingoni, mashamba ya mpunga na migomba yanayonyweshwa na mto ukifurika. Shamba la nyanya lilikuwa katikati yake kabisa, na mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Watu waweke dole gumba kwenye karatasi, wahamie juu, nyikani. Badala yake aliahidi mabati, kazi na kisima. Afisa wa wilaya wa Garsen, DO, mzungu pia, angekuja kusimamia baraza la kutia dole.

Na msidhani watu walilazimishwa, wakuu. Watu walitaka. Chifu ndiye aliyetaka kuliko wote, alikuwa ameshaanza kutembea kama mtu mwenye paa la mabati.

Babu peke yake akasema hapana. Akasema mto huu hapa kwetu unaleta tope, kokoto zake zimebaki juu huko mbali. Akasema ameyatazama mashimo ya Bwana Chupa na hajaona mtumishi hata mmoja.

Mnajua alivyojibiwa. Wivu. Eti anataka kuzichimba yeye na mkewe. Mwingine akasema mtu aliyekaa Shinyanga miaka saba akarudi na baiskeli asitufundishe kutajirika. Nyanya alikiri kwamba hilo la baiskeli lilimwuma, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshalifikiria.

Siku tatu kabla ya baraza, DO akapita Golbanti kwa shughuli nyingine. Babu akamfuata, akavua kofia, akamwambia kwamba mawe yale yanaweza kupimwa mbele ya watu wote asubuhi moja, na yeye anajua namna. Nadhani DO alikubali kwa sababu alipenda burudani. Tana River ya siku hizo haikuwa na sinema.

Tatizo likabaki moja. Grisi iko wapi?

Ya magari ilikuwa Garsen, kwenye karakana ya serikali, na hakuna wa kumpa. Babu akaenda kwa rafiki yake Godana, Muorma aliyekuwa na ng'ombe wengi upande wa nyikani na ambaye kila kiangazi walibadilishana mchele na maziwa. Akaomba samli, debe nusu.

Godana akauliza ni ya harusi gani. Babu akamwambia ni ya kupaka kwenye mbao.

"Buya, mimi nakamua ng'ombe, wewe nalisha mbao?" Lakini alitoa. Na akasema atakuja mwenyewe kuangalia samli yake ikipotea.

Babu akaipaka kwenye ubao wa mtumbwi wa zamani, akauinamisha. Jua la Tana likapanda kidogo tu, samli yote ikateremka kwenye nyasi na kuku wakaimaliza. Kosa la mtaalamu hilo. Kule kazini grisi ililetwa kwenye mapipa, tayari. Hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu mahali fulani aliyeitengeneza.

Nyanya ndiye aliyesema atie nta. Walikuwa na mizinga ya nyuki, na nta ilikuwa imejaa ndani ya chungu. Wakayeyusha, wakachanganya, wakajaribu, ikawa ngumu mno, wakaongeza samli, hadi ikafika mahali babu akaigusa kwa dole na kusema hii inafanana.

Inafanana tu. Kwa sababu hakuwa na almasi ya kuijaribia, na asingeweza kuwa nayo, kuwa na almasi ghafi bila leseni ilikuwa jela. Akafika barazani na meza ambayo hata yeye hakujua kama inafanya kazi.

Hili ndilo lililonigusa pale kwenye benchi. Mimi sithubutu hata kutuma makala bila kumwonyesha kwanza mke wangu.

Asubuhi ya baraza walianza mapema, ukingoni mwa shamba la nyanya, kabla ya jua kuwa kali. DO kwenye kiti, askari wawili, karatasi ya kutia dole juu ya meza ndogo. Bwana Chupa akafungua sanduku, akatoa chupa.

Babu akavua shati. Akabaki na kikoi peke yake, akainua viganja, akavigeuza mbele ya watu. Kijiji kikaangua kicheko, Bwana Mikono huyo. Yeye hakucheka. Akasema kule alikotoka mpaka grisi hagusi jiwe, na yeye hatagusa. Akamwomba chifu ayapokee mawe kutoka kwa mzungu, ayahesabu kwa sauti, na ayaweke mezani moja moja. Yalikuwa ishirini na manne. Akamwomba nyanya amwage maji.

Chifu akachukua jiwe la kwanza, kavu vilevile lilivyotoka kwenye chupa, akalibandika kwenye nta na samli. Likanasa.

Watu wakapiga vigelegele. Mama mmoja akaanza wimbo wa harusi.

Babu akangoja wimbo uishe. Akaokota kokoto la njiani kwa ncha ya kijiti, akalisukuma kwenye ubao, nalo likanasa. Akamwambia chifu kwa upole kwamba likiwa kavu hata jino lake litanasa. Jiwe lazima liloweshwe kwanza, lizame kwenye maji, lilowe kabisa. Hapo ndipo linaposema ukweli.

Wakaanza upya. Chifu akalitoa jiwe kwenye bakuli la maji, akaliweka juu ya ubao, nyanya akamwaga. Likateleza hadi chini.

La pili likateleza. La tatu. La kumi. Nyanya alisema alisikia mlio wa kila moja likianguka kwenye sinia, na kila mlio uliupunguzia umati sauti. Bwana Chupa akaanza kusema kwa Kiswahili chake kwamba hii siagi ya ng'ombe haina kazi, hii mchezo ya mtoto.

Babu akamwashiria chifu aendelee, ila naye hakuwa na hakika, wakuu. Angejuaje? Labda ni kweli haina kazi.

Jiwe la kumi na tisa lilikuwa dogo kuliko yote, la rangi ya chai nyepesi. Chifu akaliweka. Nyanya akamwaga. Halikutoka. Akamwaga tena, kata nzima. Jiwe limekaa tu, kavu juu kama halijawahi kuona maji.

Watu wa nyuma wakasimama waone.

"Nikamtazama usoni," nyanya aliniambia. "Nilitaka aseme ni uongo. Angesema tu imekwama kwenye donge la nta, nani angejua? Shamba langu limekaa pale kwenye ulimi wake."

Babu akainama, akalitazama bila kuligusa, akasimama.

"Hii ni almasi," akasema.

Sasa fikirieni kelele. Bwana Chupa alirukaruka. Chifu alimkumbatia askari. Lile jiwe moja lilikuwa limethibitisha kwamba meza ya samli inafanya kazi, na kwa hiyo limemshinda mwenye meza.

Babu akangoja tena, kama alivyongoja wimbo, chifu akamalizia mawe matano yaliyobaki, nayo yote yakateleza. Halafu akamwambia DO kwamba ni almasi, lakini si ya hapa. Akaeleza habari ya watumishi. Akaomba udongo wa mashimo ya mzungu uletwe, shimo lolote atakalotaja mwenyewe, uoshwe hapohapo. Ukaletwa karai mbili, ukaoshwa. Tope, mchanga, mizizi, konokono mmoja. Chekundu hakuna, cheusi kizito hakuna.

"Mawe mengine yote ni ya kawaida," babu akasema. "Hii moja imeletwa. Imefanana na zile za Shinyanga."

Nyanya alisema yeye aliuona mtego hapo hapo, kabla babu mwenyewe hajasikia alichosema.

DO akaegemea mbele. "Wewe nakaa Shinyanga miaka ngapi?"

"Saba."

"Na mtu mwingine hapa nakaa Shinyanga?"

Jibu lilikuwa limesimama mbele yao bila shati.

Bwana Chupa aliiona njia, akaifuata upesi. Akasema kumbe ndiyo maana. Huyu mtu ni mwizi wa almasi, ametia jiwe lake kati ya mawe mengine ili aharibu kazi. DO akatazama jiwe, akamtazama babu, akaamuru askari ampekue, kisha waende wakapekue nyumba.

Godana ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kulinda samli yake.

"Bwana, mimi siangalii mawe. Mimi naangalia mikono ya huyu, kwa sababu kila siku sisi nacheka mikono yake. Leo tangu asubuhi haijagusa jiwe hata moja. Chifu ndiyo nagusa."

Chifu, masikini, akaruka. Akasema yeye alihesabu tu, ishirini na manne, yalitoka kwenye chupa, watu wote wamesikia. Hakuwa akimtetea babu, alikuwa akiikimbia jela. Lakini alilisema kwa sauti, na likabaki limesemwa.

DO akasema sawa, amesikia, lakini upekuzi ni sheria. Hautamchukua muda. Kama ni msafi, ataenda zake.

Askari akasogea. Na babu, kama kila siku ya miaka saba na mwaka mmoja juu yake, akainua viganja.

Kisha akavitazama.

Nyanya alisema alivitazama kama mtu aliyekuta kitu cha mgeni nyumbani kwake. Akavishusha. Akavishusha taratibu mpaka vikagusa kikoi, akavifumba.

"Bwana," akasema, "kule nilikubali. Lango lilikuwa lao, mawe yalikuwa yao, na mimi ndiye niliyeomba kazi. Hapa niliposimama ni shamba la mke wangu. Hapa sipekuliwi. Chupa ina mwenyewe, mwulizeni yeye kwanza."

Askari akamtazama DO. DO akawa mwekundu. Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, wakuu, na ingawa vita vyenyewe vya kupigania uhuru vilikuwa mbali na Tana, mtu mweusi kumwambia DO hapana mbele ya baraza halikuwa jambo dogo. Nyanya alisema kata ilimtoka mkononi ikabingirika mpaka kwenye buti la askari, na hakuna aliyeiokota.

Halafu DO, nadhani kwa sababu alikuwa mtu wa sheria hata akiwa amekasirika, akageuka kwa Bwana Chupa. Akamwuliza kama ana leseni ya kuwa na almasi ghafi.

Bwana Chupa akatoa karatasi ya kutafuta madini. DO akaisoma. Akasema hii ni ya kutafuta. Ya kuwa nayo iko wapi?

Haikuwepo.

Lile jiwe lilikwanguliwa pamoja na samli yake, likafungwa kwenye bahasha ya serikali. Karatasi ya kutia dole ikakunjwa, haikukunjuliwa tena. Bwana Chupa alipelekwa Garsen kujieleza, na kijiji hakikumwona tena wala hema lake. Nyanya alidhani jiwe lile lilikuwa la kuwaonyesha matajiri wa Mombasa ili wamwage pesa, na mashamba yetu yangekuwa picha tu ya kuvutia. Hilo ni dhana. Sina karatasi yoyote ya kulithibitisha, nami nimejifunza kutoandika nisichokijua, nimejifunza kwenye benchi mbele ya nesi.

Lakini DO hakumwachia babu hivihivi. Alimpeleka Garsen pia, kwa ukaidi. Wiki mbili za kufyeka majani kwenye boma la serikali.

Nyanya alivuna mpunga wake peke yake wiki hizo, akiwafukuza ndege na kulia, alisema, kwa zamu.

Babu alirudi mchana, kwa miguu. Akaoga mtoni, akala. Wali mpya, samaki wa mto. Watu kadhaa walikuwa wamekuja kumwona, Godana akiwa mmoja wao, akidai bado debe lake.

"Akamaliza kula," nyanya aliniambia. "Akasimama. Sote tukangoja."

Akanawa. Akamwambia Godana debe lako liko nyuma ya ghala. Akachukua jembe akaelekea shambani, na mikono ilining'inia tu kando yake kama ya mtu yeyote.

"Alikuwa nyumbani mwaka mzima, mjukuu wangu. Lakini siku ile ndiyo mume wangu alirudi kutoka Shinyanga."

Wakati huo nesi akaita jina lake, akainuka akaenda kupimwa macho. Mimi nikabaki na makala yangu na ile sururu yangu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kila ninapoingia kwenye jengo lolote hapa Nairobi, benki, duka kubwa, hata maktaba, nainua mikono kabla mlinzi hajaniomba. Digrii mbili, na mikono inapanda yenyewe. Sisemi mkatae kupekuliwa mlangoni, mtapigwa na mimi sitakuwepo. Nasema mjue iko juu. Mjue ni nani aliyeipandisha, na mkiwa kwenu muishushe.

Shamba la nyanya bado lipo. Msimu uliopita lilitoa mpunga.

Wenye wazee waliofanya kazi Shinyanga, leteni mnayoyajua, hasa waliokuwa kwenye grisi. Wanaojua kemia nirekebisheni, nimezoea. Na yule ndugu wa mamba, atakayesema samli na nta haviwezi kunasa almasi, karibu Golbanti. Njoo na almasi yako, leseni usisahau. Samli natoa mimi.